Kuunda upya sera ya maendeleo ya kikanda Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, ndani ya matatu, na mara moja hata matangani, na mzee aliyetaka kujua kwa nini lami ilikatikia kilomita chache kabla ya kijiji chao. Nayajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Sera ya maendeleo ya kikanda ni nini hasa?

Ni uamuzi wa serikali kuu kuhusu mahali fedha za umma zitakapoanzia na zitakapofikia mwisho. Kila serikali inao uamuzi huo, hata ile isiyouandika popote. Ukijenga hospitali ya rufaa katika mji mmoja, jirani akabaki na zahanati isiyo na maabara, umeshatunga sera.

Kenya haina kitabu kimoja chenye jina hilo. Tunavyo vipande: vifungu vya Katiba ya 2010, sheria kadhaa za fedha, mamlaka sita za maendeleo ya mabonde ya mito na pwani, Ruwaza ya 2030 ambayo ni mpango wa taifa wa muda mrefu, na ahadi za kila serikali inayoingia. Vipande hivi vilitungwa nyakati tofauti na watu wenye nia tofauti, na vingine vinavutana. Ninaposema sera iundwe upya, nina maana viwekwe mezani pamoja, vilinganishwe, na vinavyopingana viondolewe.

Kwa nini sasa?

Kwa sababu ya tarehe. Ruwaza ya 2030 inafika mwisho wake, na Agosti 27 mwaka huohuo Kifungu cha 204 cha Katiba, kilichoanzisha Hazina ya Usawazishaji, kinakoma kufanya kazi. Hazina hiyo ndiyo fungu pekee ambalo Katiba iliwatengea moja kwa moja watu wa maeneo yaliyotengwa, na ilipewa miaka 20. Sehemu kubwa ya miaka hiyo imekwisha kwenda.

Si ukame tu uliorudisha maeneo mengine nyuma?

Ukame upo, lakini ukame haukatazi barabara. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Walowezi wakapewa mashamba yenye rutuba kando yake, na miji, shule na masoko yakaifuata. Kaskazini mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya kikoloni ya 1902 ilizifunga wilaya za pembezoni, na nyingine ya 1934 ikazifanya wilaya maalumu, mahali ambapo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Nchi nzima ya wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo ilitazamwa kama ua wa kulinda mpaka.

Uhuru ulipokuja, serikali yetu wenyewe iliandika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965. Ulieleza wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza pato kwa haraka zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Maneno hayo ya mwisho yasome ukiwa Lodwar au Hola, miji ya maeneo yaliyoachwa nyuma, uone yanavyouma. Hoja ilikuwa kwamba utajiri wa maeneo yaliyotangulia ungegawiwa mengine baadaye. Walikuwapo waliopinga papo hapo. Barack Obama, mwanauchumi kutoka Nyanza ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo katika jarida mwaka uleule.

Kaskazini ilibaki chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Pengo tunalolipima leo, basi, lina tarehe na lina nambari ya waraka. Mvua haina hatia yote tunayoitwika.

Lakini si serikali zilizofuata zilijaribu kurekebisha?

Zilijaribu. Kati ya 1974 na 1990 ziliundwa mamlaka za maendeleo za mito ya Tana na Athi, Bonde la Kerio, Bonde la Ziwa Victoria, Ewaso Nyiro Kaskazini, Ewaso Nyiro Kusini, na Pwani. Mwaka 1983 ukaja mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha kupanga maendeleo, na 2003 ikaanzishwa hazina ya maeneobunge.

Dosari ilijirudia katika karibu yote hayo. Watu wa wilaya waliorodhesha mahitaji yao, kisha orodha ikasafiri hadi Nairobi na huko ndiko ilikopata kalamu ya kukata. Mamlaka za mabonde zilijengewa mabwawa makubwa, kama Masinga kwenye mto Tana na Turkwel mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, na umeme wake ukapelekwa kwenye gridi ya taifa kuhudumia viwanda vilivyo mbali. Mpaka leo mamlaka hizo sita zipo, zina bodi na magari, na zinafanya kazi ya kilimo, maji na unyunyizaji katika kaunti zenye idara za kilimo na maji. Baraza la Magavana limelalamika kuhusu jambo hili kwa miaka mingi, na kwa hili nakubaliana nalo kabisa.

Ile asilimia 15 ya kaunti ni kiwango cha chini au cha juu?

Cha chini. Kifungu cha 203 kinasema mgao wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali kuu. Wengi hukosea wakadhani ni ya mapato ya mwaka huu. Sivyo. Hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na Bunge likichelewa kuidhinisha, mizani inapimia mapato ya miaka ya nyuma ambayo yalikuwa madogo. Ndiyo maana utamsikia waziri akisema kaunti zimepewa zaidi ya asilimia 20 huku gavana akisema hela hazitoshi, na wote wawili wana karatasi mkononi.

Kwa shilingi halisi, kaunti zilianza na bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14. Zilifika bilioni 370 mwaka 2021/22 na bilioni 415 mwaka 2025/26. Katikati hapo, 2024/25, zilikuwa zimeahidiwa bilioni 400.1, lakini Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni 2024, kiasi hicho kilishushwa hadi bilioni 387.4.

Kaunti zinagawanaje hizo fedha, na kwa nini maseneta hugombana sana?

Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza kanuni ya kugawa, na Seneti huipitisha kila baada ya miaka mitano. Kanuni ya kwanza ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa usawa wa kaunti zote, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi.

Mwaka 2020 ilipofika zamu ya kanuni ya tatu, nchi ilisimama. Pendekezo lilikuwa litaongezea fedha kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia kaunti za kaskazini, pwani na sehemu za mashariki. Upande mmoja ulisema kila mtu ahesabiwe sawa, awe anaishi Kiambu au Mandera. Upande wa pili ukauliza: kumfikishia chanjo mtoto wa Mandera, ambako kijiji na kijiji vimeachana kwa makumi ya kilomita bila lami, kunagharimu sawa na kumfikishia mtoto wa Kiambu? Vikao vilivunjika mara kumi hivi. Maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku ambayo kura ilikuwa ikisubiriwa. Mwishowe, Septemba 17, 2020, walikubaliana kwamba kaunti yoyote isipunguziwe fedha, na kanuni mpya isubiri mpaka kapu la kaunti liongezwe.

Mimi nasimama na upande wa pili, na sababu yangu ni ya kihesabu. Anayeanzia nyuma akipewa sawa na aliye mbele, pengo linabaki palepale. Hata hivyo hoja ya watu wa kaunti zenye msongamano haifai kudharauliwa. Wodi ya kujifungulia yenye akina mama wawili kitanda kimoja nayo ni kutengwa. Ndiyo maana kanuni hii haiwezi kubebeshwa mzigo wote wa usawazishaji. Kazi hiyo ilipewa hazina nyingine.

Hiyo Hazina ya Usawazishaji imefanya nini?

Hapa ndipo ninapopata hasira, nami siifichi.

Katiba inatenga nusu asilimia ya mapato yote ya taifa kila mwaka kwa ajili ya huduma nne za msingi: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Lengo limeandikwa bila mafumbo: kuinua huduma hizo katika maeneo yaliyotengwa zikaribie kiwango ambacho Wakenya wengine wamekizoea.

Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Fedha zilizofika zilikuwa sehemu ndogo ya zilizostahili. Miradi iliyoanzishwa ilichaguliwa na kusimamiwa kutoka Nairobi, na mingi ikakwama njiani. Kaunti zikaenda kortini, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha miongozo iliyokuwa ikiendesha hazina hiyo. Kanuni mpya zikapatikana 2021. Hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya miaka 20 ilipita kabla hatujakubaliana nani ashike kitabu cha hundi.

Sera ya pili, ya 2018, iliacha kuhesabu kaunti nzima na kushuka hadi kata ndogo. Ilitaja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Wazo lenyewe ni zuri, maana hata kaunti yenye nafuu ina pembe ambako mama anachota maji pamoja na ng'ombe. Tatizo ni kwamba kapu lilelile dogo sasa linagawanywa mara 1,424. Kata ndogo inaweza kupata kiasi cha kujenga vyoo vya zahanati au kuchimba kisima. Huwezi kuunganisha umeme wa tarafa kwa fedha hizo.

Mradi mkubwa ukija kwetu, hayo si ndiyo maendeleo ya kikanda?

Inategemea nani anakula matunda yake. Nitatoa mifano mitatu.

Mombasa kwanza. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017. Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli hadi bohari za bara. Madereva wa malori, mawakala wa kutoa mizigo, wenye vibanda vya chakula Miritini, Mariakani hadi Mtito Andei, wote walihisi pigo. Watu wa Mombasa waliandamana barabarani. Novemba 2020 Mahakama Kuu iliona agizo hilo ni kinyume cha sheria, na Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha shughuli hizo bandarini. Reli yenyewe ni mali ya taifa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeketi na watu wa Pwani kabla ya agizo, akawauliza mji wa bandari utaishi kwa nini ukinyang'anywa bandari.

Lamu nayo. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyopoteza. Mvuvi wa Lamu hapingi meli. Anataka chombo cha kumfikisha bahari kuu, jokofu la samaki, na mwanawe afundishwe kazi ya bandarini.

Wa tatu ni upepo wa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 inazalisha hadi megawati 310, na tangu 2018 umeme huo unakwenda Suswa kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400. Nyaya zinapita juu ya maboma ambayo usiku huwasha kuni. Sera mpya inapaswa kuwa na sharti moja hapa: mradi wa taifa ukipita, wenyeji waunganishwe kwanza, na sharti hilo liwe ndani ya mkataba kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Kuna mfano mwema pia, na haki yake niitaje. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita zaidi ya 500, ilipokamilika katikati ya muongo uliopita, safari ya siku mbili tatu kwenye lori la ng'ombe ikawa ya siku moja kwenye basi. Bei ya mifugo Marsabit, bei ya unga Moyale, na uhai wa mgonjwa wa dharura vilibadilika pamoja.

Kaunti 47 si ndogo mno kujenga uchumi? Turudishe mikoa?

Mikoa ya zamani ilikuwa ya utawala, haikuwa ya uchumi. Kuirudisha hakutaongeza soko hata moja. Lakini swali lina uzito, kwa sababu embe halijui mpaka wa kaunti. Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika maembe Kalamba mwaka 2017, na ni jambo la kujivunia. Maembe yamejaa Machakos na Kitui vilevile. Kaunti jirani zikijenga kila moja kiwanda chake, vyote vitalala miezi mingi vikisubiri msimu.

Kaunti zimeliona hili na kujiunga katika jumuiya: Jumuiya ya Kaunti za Pwani yenye wanachama sita, ile ya Bonde la Ziwa yenye kaunti 14, ile ya kaunti za kaskazini mashariki, na nyinginezo. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kinachokosekana ni fedha zinazotambulika kisheria. Jumuiya inaishi kwa michango ya wanachama, gavana mmoja akikasirika anakaa na mchango wake, na sekretarieti inabaki na ofisi na nembo.

Maji ya Mzima yanaeleza yote. Chemchemi iko Taita Taveta, bomba lilijengwa miaka ya 1950, na maji yake yanaburudisha Mombasa. Vijiji vya Taita Taveta ambavyo bomba linavipitia vimelia kiu miaka nenda miaka rudi. Gavana wa Mombasa peke yake hawezi kulimaliza hili, wala wa Taita Taveta. Serikali kuu ikilimaliza peke yake kwa amri, itamkosea mmoja wao. Linahitaji meza ya kanda yenye bajeti.

Vile viwanda vya kila kaunti vinavyojengwa vitasaidia?

Ni maeneo ya kukusanyia na kusindika mazao, yaliyopangiwa shilingi milioni 500 kila kaunti, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nayatakia heri. Wasiwasi wangu ni kiasi kilekile kila mahali, kana kwamba maziwa ya Nyandarua na mbuzi wa Garissa yanahitaji jengo la aina moja. Na kiwanda kisicho na maji, umeme wa uhakika na mkulima anayelipwa kwa wakati ni ghala tu.

Kwa nini fedha za kaunti huchelewa?

Wizara ya Fedha huzitoa kwa awamu za kila mwezi kulingana na makusanyo, na makusanyo yakilegea, kaunti ndizo zinazosubirishwa. Ratiba hupitishwa na Seneti, kwa hiyo kuchelewesha si hisani iliyopungua, ni deni lililokiukwa.

Ugatuzi haujahamisha ufisadi tu kutoka Nairobi hadi mashinani?

Umehamisha baadhi, na aliyeona tenda zikigawiwa shemeji hahitaji kuambiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo ni za umma, uone kaunti ngapi hushindwa kufika hapo kwa matumizi halisi.

Lakini tuangalie pande zote. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza baada ya ugatuzi, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Fedha zilizoibwa Nairobi zamani hatukujua hata zilikuwa za nani. Leo mtu wa Wajir anajua.

Kidonda kinachozungumzwa kidogo ni malimbikizo ya madeni. Kijana anachukua mkopo, anajenga darasa la chekechea au analeta dawa, kaunti inakaa miaka bila kumlipa. Benki inapiga mnada gari lake. Namfahamu mmoja aliyeuza shamba la urithi kulipa mkopo wa kazi aliyoimaliza na kukabidhi. Ukitaka kuua uchumi wa eneo, hiyo ndiyo njia ya haraka, na sera isiyogusa malipo ya wafanyabiashara wadogo haitakuwa na maana kwao.

Mimi mwananchi wa kawaida naingilia wapi?

Ingia mapema. Watu wengi hujitokeza Juni, wakati kila kitu kimeshapangwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na mradi usiokuwamo humo ni vigumu kupata fedha baadaye. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Beba ombi lililoandikwa, lenye jina la kata ndogo, idadi ya kaya na umbali hadi huduma ilipo. Acha nakala kwa karani wa bunge la kaunti na udai igongwe muhuri. Malalamiko ya mdomo hupeperuka na hema likishakunjwa.

Na uliza kama kata ndogo yenu imo katika yale maeneo 1,424. Machifu wengi hawajui.

Ungeanza kubadilisha nini?

Ningeondoa mamlaka sita za mabonde kwenye mikono ya wizara na kuzigeuza kuwa vyombo vya jumuiya za kaunti, pamoja na wahandisi wake, ardhi yake na bajeti yake. Zina ramani za mito, zina wataalamu, na mipaka yake inafuata maji, ambayo ni mipaka ya kweli kuliko ya kura. Ningeongeza Hazina ya Usawazishaji kutoka nusu asilimia, na fedha zake zipitie kaunti kama ruzuku yenye masharti, njia ambayo Kifungu cha 204 tayari kinairuhusu.

Itakuwaje hazina hiyo ikikoma 2030 kabla kazi haijaisha?

Bunge linaweza kuiongezea muda kwa kipindi maalumu. Inahitajika kura ya zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Wanaopiga kura hiyo ni wale tutakaowachagua Agosti 2027. Mgombea ubunge au useneta akija kijijini kwenu kuomba kura, mwulize jambo hilo moja mbele ya watu, na jibu lake liandikwe.